Barua kwa Mwanangu: Daraja Nililoliota Liliungua Mwaka 1992

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako tumeipokea na kuisoma mara mbili, mara ya kwanza mimi peke yangu na mara ya pili kwa sauti, mama yako akisikiliza huku ameupumzisha mguu wake juu ya kigoda. Unasema mdogo wako amekueleza kwamba wazazi wenu walikaa juma zima sebuleni wakidai wako Istanbul, nawe unauliza mambo mawili: je, hatukuwa tunajidanganya, na je, ukope fedha kazini utukatie tiketi za kweli? La pili jibu lake ni fupi: usikope. La kwanza linahitaji maelezo.

Habari ya ndoto hii unaijua nusu. Nilipokuwa karani kijana pale bandarini, baharia mmoja aliniachia ukurasa wa kalenda wenye picha ya daraja la Galata, huko Istanbul, Uturuki: wavuvi wamejipanga ukingoni na mishipi yao, chini yao kuna mikahawa inayokaribia kugusa maji, na nyuma yao misikiti imepanda kilima. Niliubandika ndani ya mlango wa kabati, nao ukahama pamoja nasi nyumba tatu. Akiba ya safari niliianzisha mara mbili. Ya kwanza ikaingia katika ada zenu, ya pili katika goti la mama yako, na sijutii hata shilingi moja. Pasipoti yangu ilikwisha muda bila kugongwa muhuri hata mmoja, jambo ambalo kwa mtu aliyeshinda miaka yote ile akiandika majina ya meli za watu ni kichekesho.

Basi tulipokubaliana kwenda kwa njia tuliyoimudu, niliweka sharti moja, kwamba lolote tutakaloliwaza tuwe tumelijua kwanza. Kufumba macho na kusema umefika Istanbul ni kazi ya dakika moja, na haina ladha. Tulinunua kifurushi cha intaneti cha wiki, nikachora ramani juu ya boksi lililokunjuliwa, na kila jioni baada ya magharibi tukaingia mtaa mmoja tu, hatukuzidisha. Saa ndiyo iliyotusaidia sana. Tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi tena saa zake kwa ajili ya majira ya baridi, kwa hiyo saa ya ukutani kwetu ndiyo saa ya kule mwaka mzima. Tulipoketi kunywa chai ya saa moja usiku, watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Eminönü kwenda Kadıköy, wakitoka Ulaya kurudi nyumbani upande wa Asia, nao walikuwa katika saa moja hiyo hiyo.

Ni katika kuchungua huko ndipo nilipopata habari ambayo sikuitarajia. Daraja langu halipo. Lile la kwenye kalenda lilikuwa daraja la kuelea, lililofunguliwa mwaka 1912, likaungua mwaka 1992, na lililopo sasa ni jingine, lililokamilika mwaka 1994. Nilinyamaza kwa muda, mama yako akadhani kifurushi kimekwisha. Maana yake ni kwamba hata akiba ile ya kwanza ingetimia, ningevuka bahari nzima na kufika mahali ambapo picha yangu ilikwisha kuondolewa. Wavuvi bado wapo, na mikahawa ya chini imejengwa tena, lakini kwenye daraja lile lililoelea juu ya maji hakuna tiketi inayoweza kumfikisha mtu. Sasa niambie wewe uliyesoma: mzee anayelirudia kwa kuliwaza, akijua lilisimamaje juu ya maji na liliishaje, amemdanganya nani?

Siku ya tatu nilitaka kuuelewa mlango-bahari wa Bosphorus, unaougawa mji kati ya upande wa Ulaya na wa Asia. Sehemu yake nyembamba kabisa ina upana wa mita 700 hivi, na ndipo Sultani Mehmed wa Pili alipojenga ngome ya Rumeli Hisarı mwaka 1452, mwaka mmoja kabla ya kuuteka mji. Tarakimu hiyo haikuniambia kitu mpaka nilipoipima kwa miguu: hatua elfu moja kutoka mlangoni petu, zikaishia kwa fundi baiskeli, chini ya mwembe. Nilipogeuka na kuiona nyumba yetu waziwazi, hata kanga zilizoanikwa, nikaelewa kwa nini jahazi lisingeweza kupita hapo kwa kujificha. Mama yako, kwa sababu ya goti, alivuka kutoka Ulaya hadi Asia kwa bajaji, na dereva hakuelewa tulichokuwa tukikicheka njia nzima.

Upande wa jikoni nilimwachia yeye, na nikiri kwamba huko ndiko tulikofika mbali zaidi. Pale Eminönü huuzwa samaki wa kuchoma ndani ya mkate. Sisi tulichoma vibua, tukavitia katika boflo pamoja na kitunguu na ndimu. Chai yao hupikwa kwa birika mbili zilizopandana, ya juu ina chai nzito na ya chini ina maji ya kuizimua, nasi tulipandanisha zetu kwa hofu kubwa. Kahawa haikutupa shida, kwa kuwa desturi ya kuinywa ilifika Istanbul ikitokea Arabuni katika karne ya 16, na wazee wetu wa pwani waliipata huko huko. Tofauti ni kwamba wao huacha unga utuame ndani ya kikombe. Simit, ambayo ni mkate wa duara kama bangili, huchovywa katika maji ya zabibu yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, kisha hugaragazwa katika ufuta. Zabibu hatukuwa nazo. Mama yako alitumia sukari guru.

Usidhani kila kitu kiliwezekana. Baridi ilitushinda, kule theluji huanguka, na hapa Tanga hata feni ilikuwa ikipuliza joto. Watu pia walitushinda. Mji unaouwaza hauna mtu usiyemweka wewe mwenyewe, kwa hiyo hakuna mwenye duka anayekupandishia bei, wala kijana anayekuelekeza njia isiyo yake, wala jirani wa kwenye feri anayeanza kukusimulia habari za ndoa yake. Hilo nililikosa, na ndilo ambalo safari ya kweli ingenipa. Kwa sababu hiyo sijafuta nia: siku ukipata nafasi bila deni, nitahuisha pasipoti, na nitakuonyesha mwenyewe ni upande gani wa daraja jipya tutakaosimama.

Kwa sasa tuna haja ndogo zaidi. Simit za mara ya kwanza ziliungua upande mmoja na ufuta ulipukutika, na mama yako anaamini kosa ni la ufuta, si la jiko. Ukija Idi, pitia sokoni huko Lindi utuletee kilo mbili.

Wako akupendaye,
Baba