Jibu: Makgeolli Jeonju ukiwa peke yako

Habari mkuu. Umesema uko Jeonju, Korea Kusini, peke yako, umeenda mtaa wa makgeolli (pombe ya mchele) wa Samcheon-dong, na kila baa inakutajia bei ya meza nzima.

Hawakubagui. Kule hununui glasi, unanunua birika, na birika huja na vyakula vinavyojaza meza: samaki, chapati za mboga, kimchi, supu. Ukiongeza birika la pili vinakuja vingine. Meza hiyo hupangwa kwa watu wawili au zaidi, kwa hiyo kwanza kabisa tafuta mwenzako hapo unapolala. Mkifika, ulizeni bei ya birika la kwanza kabla ya kukaa. Mimi huomba ile iliyochujwa, maji yake meupe kidogo tu; ile nzito yenye machicha ni tamu lakini hushibisha haraka, na chakula kitawashinda. Kilevi chake ni kama asilimia 6, inapanda taratibu.

Usipopata mwenzako, nenda gamaek. Ni maduka ya kawaida yanayouza bia ya chupa na samaki mkavu aliyebanikwa, unamchovya kwenye mchuzi wa soya wenye pilipili. Mtu mmoja anakaa bila shida, na kwangu ndiyo sehemu nzuri zaidi ya usiku wa Jeonju.

Asubuhi kunywa moju, makgeolli iliyochemshwa na tangawizi, mdalasini na kunazi mpaka kilevi karibu kiishe. Huuzwa palepale penye supu ya chipukizi za soya.