Excel inagoma kupanga data? Angalia vichwa ulivyounganisha

Mkuu, umesema kwenye jedwali lako kichwa cha JINA umekiunganisha (Merge) mistari miwili, cha MAUZO ukakitandaza juu ya kolamu tatu, na sasa ukitaka kupanga majina kwa alfabeti Excel inagoma. Mchawi ni hizo seli ulizounganisha.

Yalishanikuta. Nilitengeneza faili la mahudhurio la miezi sita, vichwa vyote vimeunganishwa hivyo hivyo na kupakwa bluu, linapendeza ile mbaya. Mkubwa wangu akabofya kupanga, ikaja taarifa kwamba seli zote zilizounganishwa lazima ziwe na ukubwa sawa. Nilikesha nikizitenganisha.

Fanya hivi. Tenganisha zote kwanza. MAUZO liache kwenye seli ya kushoto, chagua hiyo pamoja na mbili zinazofuata, bonyeza Ctrl+1, nenda Alignment, na kwenye Horizontal chagua Center Across Selection. Neno linakaa katikati kama ulivyotaka, ila kila seli inabaki na uhuru wake. Chini ya mstari huo acha mstari mmoja mtupu, uufinye hadi kimo cha 3. Jicho halitauona, lakini Excel itaanza kuhesabu jedwali chini yake.

Vichwa halisi vikae mstari wa tatu, JINA likiwemo, kimoja kwa kila kolamu, bila kurudia. Usiandike "Mauzo" mara tatu, andika "Mauzo Jan", "Mauzo Feb", "Mauzo Mac". Ukirudia kisha ukageuza kuwa jedwali kwa Ctrl+T, Excel itajibatizia yenyewe "Mauzo2", "Mauzo3", na baada ya wiki hutajua ipi ni ipi. Kichwa kirefu kikate kwa Alt+Enter badala ya kutanua kolamu. Cha kolamu ya namba kilaze kulia, namba zilikolala.

Rangi moja hafifu na herufi nene zinatosha. Bluu yangu ile na herufi nyeusi, ikichapishwa bila rangi, haikusomeka hata neno.

Faida nyingine ya Ctrl+T: ukiwa ndani ya jedwali na kushuka chini, vichwa vinachukua nafasi ya zile A, B, C za juu. Ukichapisha kwenye karatasi, faida hiyo haikusaidii. Ingia Page Layout, Print Titles, na kwenye Rows to repeat at top jaza $1:$3, na vichwa vitajirudia kila ukurasa.