Ana miaka 17 na yuko darasa la tisa: aende kiwandani?

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni familia ya watu saba kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Tulifika hapa Clarkston, Georgia, Marekani, Novemba 2024. Kijana wangu wa kwanza alikuwa mwaka wa tatu wa sekondari kule kambini, kwa mtaala wa Kongo. Hapa Clarkston High School yuko darasa la tisa na watoto wa miaka 14. Yeye ana 17. Kwenye makaratasi amezaliwa tarehe 1 Januari 2008. Anaona aibu, hata kula anakula kidogo. Jirani ananishauri Januari akifikisha 18 apande naye gari la alfajiri kwenda kiwanda cha kuku Gainesville, kwa sababu akifika miaka 20 shule itamtoa tu. Mimi nafanya kazi usiku, Kiingereza sijui, na shuleni kwao sijawahi kukanyaga. Nifanyeje?
Baba wa watoto watano, Clarkston

JIBU: Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitaanza na maneno ya jirani, maana Januari haiko mbali.

Jirani hakukudanganya kuhusu umri, ila hesabu hakuimaliza. Sheria ya Georgia inampa kijana haki ya kusoma shule ya umma mradi hajatimiza miaka 20 ifikapo tarehe 1 Septemba. Chukua kalenda tuhesabu pamoja. Septemba 2026 mwanao atakuwa na 18. Septemba 2027 atakuwa na 19, bado yumo. Miaka 20 ataitimiza Januari 2028, katikati ya mwaka wa masomo ambao ameshauanza. Mlango unafungwa Septemba 2028. Kwa hiyo ana mwaka huu na mingine miwili kamili. Hiyo miaka si michache, lakini hakuna wa kupoteza.

Kuhitimu Georgia kunadai krediti 23, yaani vipimo vya masomo aliyomaliza na kufaulu. Nne ni za Kiingereza, nne za hesabu, nne za sayansi, tatu za maarifa ya jamii, moja ya afya na mazoezi ya mwili, tatu za lugha ya kigeni, ufundi au sanaa, na nne za kuchagua. Gawanya 23 kwa miaka mitatu, unapata karibu nane kwa mwaka. Ni mzigo, sikufichi. Atahitaji masomo ya likizo, na atahitaji kila krediti inayoweza kuokolewa kutoka Nyarugusu.

Hapo ndipo penye siri ya hilo darasa la tisa. Shule za huku darasa la sekondari halifuati umri, linafuata krediti zilizoandikwa kwenye transkripti, ile rekodi ya masomo yake. Aliyefika mikono mitupu ana sifuri, na mwenye sifuri anaandikwa la tisa. Hakuna aliyempima mwanao akili akamwona mdogo. Mwambie hivyo leo, kabla hujaenda kazini.

Halafu fungua ule mfuko wa hati mliokuja nao. Tafuta karatasi zake za pointi za sekondari, hata kama zimechanika pembeni, hata kama muhuri umefifia. Kama zilibaki kambini, mwandikie ndugu aliyeko Nyarugusu aende kwa mkuu wa shule, apige picha ya rejista. Zipeleke shuleni, uombe zitafsiriwe na zipimwe kwa krediti. Mtaala wa Kongo unafundishwa kwa Kifaransa, na hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Vyuo vikuu vya umma vya Georgia kwa kawaida vinataka mwanafunzi awe amesoma miaka miwili ya lugha moja ya kigeni, au badala yake lugha ya ishara ya Marekani au uandishi wa programu za kompyuta. Watoto wa hapa lugha hiyo ya kigeni wanaianza kwenye alfabeti, wakati wako ameshaisotea miaka mingi.

Hiyo tarehe 1 Januari naijua vizuri. Wengi niliowatafsiria wamezaliwa siku hiyo, kwa sababu mwandikishaji wa wakimbizi akikosa tarehe aliandika hiyo. Usithubutu kuigusa kwa ajili ya shule. Imo kwenye kila hati iliyowaingiza nchini.

Sasa aibu yake. Siku moja usilale moja kwa moja ukitoka kazini. Alasiri nenda ukasimame Barabara ya North Indian Creek wakati shule inatoka. Utaona wasichana waliofunga hijabu wakitembea na wasichana wa Kiburma, vijana wa Kihabeshi wamebeba viatu vya mpira begani, na masikio yako yatadaka Kiswahili chetu cha Uvira na Fizi katikati ya lugha usizoweza hata kuzitaja. Mji huu ni mdogo, kilomita kama 16 tu kutoka katikati ya Atlanta, na kuanzia miaka ya 1980 mashirika ya kupokea wakimbizi yaliuchagua kwa sababu za kawaida kabisa: nyumba za ghorofa za kupanga zilikuwa nyingi na nafuu, basi la MARTA linapita, na kazi za Atlanta ziko karibu. Wamepita hapa Wavietnamu, Waethiopia, Wasomali, Wabosnia, Wabhutani, Waburma, sisi Wakongo, Wasyria, Waafghani. Kila kundi lilileta watoto, na watoto wale wakaingia shule hiyo hiyo. Kijana wa miaka 17 anayejifunza Kiingereza si kituko katika korido zile. Amuulize mwenzake wa dawati la nyuma alifika lini.

Kama anapenda mpira wa miguu, ajiandikishe sasa. Timu za shule zinaitwa Angoras, kwa jina la mbuzi wa Angora mwenye manyoya marefu. Chama cha michezo cha shule za sekondari Georgia hakimruhusu mchezaji aliyetimiza miaka 19 kabla ya tarehe 1 Mei inayotangulia mwaka wa masomo, kwa hiyo umri unamwachia msimu wa mwaka huu na wa mwaka ujao. Asipofaulu masomo hachezi. Nimeona kanuni hiyo ikimrudisha kijana kwenye daftari pale ambapo maneno ya mama yalishindwa.

Ulipoandika kwamba hujakanyaga shuleni nilijiona mimi mwenyewe. Kwetu mzazi akiitwa shule ujue kuna kosa au kuna mchango, basi tunakaa mbali na kuhesabu kukaa mbali huko ni heshima kwa mwalimu. Mimi nilifikia jimbo jingine, miaka mingi kabla ya kuhamia Georgia. Shule ya huko iliniita, mkalimani haikuleta, ikamweka mwanangu wa miaka 13 kati yangu na mwalimu. Mwalimu alizungumza kama dakika tano, uso umekunjamana. Mwanangu akanigeukia: “Anasema niko vizuri, niongeze bidii kidogo tu.” Nikaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yangu miwili, nikainama, nikashukuru. Yule mwalimu alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa mpaka ripoti ilipokuja mwisho wa muhula: siku 19 mtoto hakuonekana darasani. Mimi nilikuwa namfungia chakula kila asubuhi.

Ndiyo maana nakusihi usimtume mwanao kukutafsiria mambo yake mwenyewe. Mkalimani ni haki yako, humuombi mtu fadhila. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 inaikataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na mzazi asiyejua Kiingereza lazima aelezwe mambo ya mwanawe kwa lugha anayoielewa. Watoto nao wamelindwa. Mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ilisema kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha, bila kumsaidia, si kumpa elimu sawa na wenzake. Madarasa ya Kiingereza kwa wageni anayosoma mwanao yanasimama juu ya msingi huo. Muulize mshauri wa wanafunzi ni yapi kati ya hayo yanahesabiwa kama krediti ya Kiingereza, na yapi yanahesabiwa kama somo la kuchagua.

Kiwanda cha kuku sikidharau. Kimelipa kodi za nyumba nyingi za watu wetu. Lakini kabla ya miaka 18 sheria ya shirikisho inakataza kazi nyingi za machinjio na upakiaji wa nyama na kuku, basi mtu yeyote akijitolea kumwandikia umri mwingine, mkatae. Baada ya Januari ataruhusiwa, ni kweli. Ila Gainesville itakuwepo mwaka 2028, na nafasi yake darasani haitakuwepo. Kodi ikiwabana, atafute kazi ya dukani au mgahawani Jumamosi na Jumapili.

Kwenye barabara ile ile ya North Indian Creek, karibu na shule yake, kuna kampasi ya Perimeter College ya Georgia State University, na kuna Georgia Piedmont Technical College wanakofundisha ufundi. Tangu mwaka 1993 Georgia inalipia masomo ya vyuo kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo, mpango unaoitwa HOPE. Pamoja na masharti mengine unadai wastani wa alama wa 3.0 sekondari, na mkimbizi mwenye hati zake anahesabiwa. Kwa vyuo vya ufundi kuna HOPE ya aina nyingine, ambayo haiangalii wastani wa sekondari. Na ikitokea 2028 imefika krediti hazijatimia, vyuo vya ufundi vinafundisha bure maandalizi ya GED, cheti kinachosimama mahali pa diploma ya sekondari. Hatakuwa amepoteza kitu kwa kujaribu.

Wiki hii piga simu au pita mapokezi ya shule. Neno “Swahili” pekee linatosha, wataelewa unataka mkalimani, na wakupe siku. Omba asubuhi, saa mbili hivi, utoke kazini uende moja kwa moja na sare yako ya kazi; hakuna atakayekudharau. Beba zile karatasi za Nyarugusu. Uliza mambo matatu: ana krediti ngapi leo, anaweza kubeba ngapi kwa mwaka, na masomo ya likizo yanaandikishwa lini. Waombe wakuandikie majibu kwenye karatasi. Kijana mkalishe kando yako, asitafsiri chochote, akae tu asikie baba yake anavyomsemea.