Picha za ndege Dunga: toka mapema

Dada, umesema picha zako za mdiria pale Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria, Kisumu, zinatoka na ukungu, na Agosti unarudi na mwanao na lenzi ile ile ya milimita 300. Usinunue nyingine. Kosa ni mtumbwi unaoyumba. Pandisha kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, hadi 1/1600 ya sekunde au zaidi na uache ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipande. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa zinavumilika, ukungu haurekebishiki.

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Alasiri upepo huchafua maji. Mwombe nahodha azime injini mbali na mafunjo, kisha mnyamaze. Gonoleki, yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, husikika kabla hajaonekana. Dume na jike huitikiana. Tafadhali usimwite kwa kucheza sauti yake kwenye simu. Tayari ana shida: anaishi kwenye mafunjo, na mafunjo yanakatwa.

Mtoto avae jaketi la kuokolea maisha. Mkiona kiboko, geuzeni. Asichezee maji ya ukingoni, kuna kichocho. Akishayaingia, mwelezeni daktari ampime.