Paka Hafungi

MUULIZE BI MKUBWA: barua za wasomaji juu ya wanyama wa nyumbani

*Assalaam aleikum Bi Mkubwa. Juzi asubuhi nilimpeleka paka wangu jike kutolewa kizazi. Ana miaka miwili na uzito wa kilo tatu. Alirudi jioni anayumbayumba kama mlevi, nikaambiwa ni nusu kaputi, itamwisha. Imemwisha kweli, lakini mpaka leo hajatia kitu mdomoni. Nimemwekea samaki wa nazi tuliyemfuturia, ndiye kipenzi chake, akamnusa akageuza uso. Maziwa nayo hakuyataka. Mama mkwe anasema nimwache, tumbo linapumzika, tena mwezi wenyewe ndio huu, na yeye kafunga. Nimwache?*
*Wa Mkunazini, Mjini*

Waaleikum salaam mwanangu. Mama mkwe mpe heshima yake yote, ila kwa hili usimsikilize. Paka hafungi.

Mimi na wewe tukishinda na njaa mwili unajua pa kuchota, na magharibi tunaamka na kachori zetu kama hakikuwa kitu. Paka hakuumbwa hivyo. Akikosa kula siku mbili tatu, mwili huitoa shahamu ulikoiweka na kuirundika kwenye ini, na ini la paka haliiwezi kwa wingi ule. Linajaa mafuta. Paka ambaye juzi hakuwa na hamu tu, leo anaumwa ini, na mwenye ini bovu hatamani chakula hata umwekee jodari mzima. Wanene ndio maradhi haya huwapata upesi zaidi.

Haya sikuyasoma tu. Nilikuwa na dume langu, jina lake Kibua, mnene mpaka akilala kwenye ngazi inabidi umruke. Alipigana na dume wa jirani, jeraha likatunga usaha, akapasuliwa na kusafishwa. Wakati huo mimi mwenyewe ni msaidizi wa mganga wa mifugo, nimeshavaa koti jeupe miaka sita, najiona najua. Mkubwa wangu wa kazi akaniambia mpumzishe tumbo siku mbili. Nikampumzisha. Siku ya tatu nikasema labda bado ana uchungu. Siku ya nne nilimgeuza sikio juani, pale kwenye baraza, nikaona ngozi ya ndani imekuwa manjano kama kidole cha mtu aliyetoka kutwanga bizari. Tulimlisha kwa bomba siku tatu. Hakuvuka. Tokea hapo paka akipita saa 24 bila kula baada ya kupasuliwa, mimi nampigia simu daktari, sioni haya hata kama ni usiku.

Kwa hiyo na wewe mpigie aliyempasua leo hii, usingoje kesho. Muulize jambo moja hasa: alipewa dawa ya maumivu ya siku ngapi? Paka hapigi kelele anapoumwa. Hujikunja chini ya kitanda akanyamaza, na watu husema katulia. Paka mwenye maumivu hali chakula, na dawa ikimpata mara nyingi huenda kwenye sahani mwenyewe. Lakini iwe dawa atakayotoa daktari. Panadol yako iache kwenye mkoba. Ini la paka haliwezi kuivunja, na nusu tu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua paka wa kilo tatu. Ufizi unageuka rangi ya udongo, uso unavimba, na pumzi ndiyo hiyo inakwisha.

Sasa tuje jikoni. Samaki wa nazi ni chakula chako wewe. Tui ni mafuta matupu kwa tumbo lililotoka kwenye nusu kaputi, na humo ndani kuna kitunguu na thomu, ambavyo huharibu damu ya paka hata vikipikwa mpaka vikayeyuka. Ukisema mbona siku zote anakula na hajafa, sawa, lakini siku zote hakuwa na nyuzi tumboni.

Nunua changu mmoja mdogo, wa leo, si aliyelala. Au kipande cha kidari cha kuku, umtoe ngozi. Mchemshe kwa maji matupu. Usitie chumvi, usikamulie ndimu, wala usimwonee huruma ukamtia bizari kidogo. Changu mchambue miba kwa vidole, si kwa macho, kwa sababu mwiba wa changu ukilowa hauonekani. Dagaa wakavu wa Malindi waache kwanza, maana wale huchemshwa kwenye maji ya chumvi ndipo wakaanikwa, na chumvi hiyo hubaki nao.

Hapo ndipo wengi hukosea: wanampa chakula kimepoa. Paka hula kwa pua kabla ya ulimi, na pua yake baada ya nusu kaputi imezibazibika. Kipashe moto kidogo, kiwe na joto la mwili. Jaribu kwa kudondosha supu juu ya kifundo cha mkono, kama unavyojaribu maziwa ya mtoto mchanga. Usihisi moto, usihisi baridi. Mchambulie nyama nyembamba kama nyuzi, mimina supu yake kijiko kimoja juu, weka kwenye kisahani kipana ambacho sharubu hazigusi ukingo. Mpeleke chumba kisicho na watoto wala redio, mbali na mchanga wake wa choo. Nani anataka kula karibu na choo? Kisha mpake chembe moja kwenye mdomo au juu ya kiganja cha mbele, ailambe. Halafu ondoka. Ukikaa unamkodolea macho hatakula.

Kwa paka wa kilo tatu anayelala tu, nyama ya kuku ya kuchemsha gramu 100 hivi kwa siku nzima inamtosha. Usimwekee zote mara moja. Leo akila robo yake nitafurahi, kesho nusu. Kijiko kimoja cha chakula kila baada ya saa tatu au nne. Asichokula ndani ya nusu saa kitoe, kwa joto letu hili samaki haichukui muda kuharibika, na paka akishahusisha harufu mbaya na chakula kile atakikataa hata akipona. Ndiyo maana pia sipendi dawa kuchanganywa kwenye chakula chake. Dawa nyingi ni chungu, naye hasemi "dawa chungu", anasema "changu mbaya", na changu humwoni akimgusa tena.

Maziwa usimpe, nitalisema hapo chini kwa mwenzio wa Jang'ombe. Maji safi yawepo muda wote. Na usimkabe kichwa ukammiminia uji kwa bomba kwa kuwa umeona mtu anafanya. Paka dhaifu uji unamwendea mapafuni. Daktari akisema alishwe kwa bomba, akuoneshe mwenyewe.

Akirudi kula, siku ya tatu au ya nne anza kumchanganyia chakula chake cha kawaida, polepole. Kuku au samaki mtupu ni wa kuvushia, si wa maisha, havina kila kitu anachohitaji. Nyuzi zikitoka, siku kumi mpaka kumi na nne, mpunguzie chakula kama robo hivi, maana paka aliyetolewa kizazi mwili wake hautaki kingi kama zamani ila tumbo lake halijui. Usije ukawa na Kibua mwengine kwenye ngazi.

Na nyumba ikipata nafasi, mwambie mama mkwe kwamba mgonjwa hata kwetu sisi ana ruhusa ya kula mchana.

*Shikamoo Bi. Mimi niko Wete, nina mbwa wa shamba anayenifukuzia kima kwenye mahindi na ndizi, kilo kumi na tano hivi. Iddi ya kuchinja iliyopita vijana walimtupia mafuta ya mbuzi, matumbo na mifupa ya supu. Usiku ule alitapika mara nne, asubuhi anahara maji. Nilimfungia chakula siku mbili nzima, akapona lakini alikonda mbavu zote nje. Nilifanya sawa? Nataka kujua kwa mara nyingine. Pia naomba njia ya kumlisha nisiyolazimika kumshika.*
*Mkulima, Wete*

Marahaba. Amepona kwa kuwa ni mbwa mzima mwenye nguvu, si kwa ajili ya ile njaa. Zamani tulifundishwa hivyo hivyo, mbwa anayehara asile siku nzima au mbili. Utumbo nao hula chakula kinachopita ndani yake, ukiuacha mtupu ngozi yake ya ndani inasinyaa na kupona kunachelewa.

Mbwa mzima aliyetapika mpe nafasi ya saa sita, hata kumi na mbili, bila chakula. Si zaidi. Maji usimnyime, ila usimwekee ndoo, atakunywa yote kwa pupa ayatapike. Kifuu cha maji kila nusu saa. Yakikaa tumboni ndipo unaanza: wali uliochemshwa mpaka ukapondeka mafungu mawili, kidari cha kuku kisicho na ngozi fungu moja, bila chumvi wala mafuta. Najua kwenu Pemba mtu akisikia wali uliopondeka na kuku anafikiria bokoboko. Siyo, bokoboko lina samli, na samli ndiyo adui hapa. Mbwa wa kilo 15 mpe gramu 400 hivi kwa siku nzima, uzigawe mara nne. Choo kikishaanza kushikana, endelea siku mbili tatu, halafu mchanganyie chakula chake cha kila siku, kidogo leo, zaidi kesho, mpaka siku ya tano.

Umetaja madafu? Hukutaja, lakini wenzio watatu waliniandikia wakayataja. Dafu si baya, ila halina chumvi ya kutosha kurudisha ile inayotoka kwa kuhara. Usilifanye dawa.

Kilichomponza mbwa wako si uchafu, ni mafuta. Bonge la mafuta ya mbuzi kwa mara moja huweza kuliwasha kongosho, na hapo mbwa hutapika, hukunja mgongo, tumbo hataki liguswe. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka vipande vikali kama gae la chungu. Iddi ijayo waambie vijana mabaki hayo wayazike, na wayazike chini kweli.

Lini umpeleke kwa mganga bila kungoja? Damu kwenye choo au matapishi. Kutapika kusikokatika hata maji hayakai. Tumbo kuvimba kama ngoma huku anajikakamua na hakitoki kitu, hiyo ni ya dakika, si ya saa. Na mtoto wa mbwa asiyechanjwa anayehara damu, huyo usimtibu kwa wali, anaweza kuwa na pavo, maradhi ya virusi yanayoua watoto wa mbwa.

La kumshika, mambo ya twahara muulize sheikh wako, mimi si mwanachuoni. La bakuli ninalo. Tumia sufuria kuukuu lenye mkono mrefu, liwe lake peke yake, ulisukume kwa fimbo na kulivuta kwa fimbo, lioshwe nje. Kumtazama kama kaishiwa maji huna haja ya kumshika mdomo: mtu avae glavu, avute ngozi ya juu ya mabega na kuiachia. Ikirudi papo hapo, vizuri. Ikibaki imesimama kama hema, maji yamemwisha, mganga.

*Bi Mkubwa, mwanangu ameokota mtoto wa paka sokoni Mwanakwerekwe, wa wiki tano hivi. Tunampa maziwa ya unga, anayapenda mno, lakini anahara rangi ya njano mchana na usiku. Tumpumzishe chakula?*
*Baba wa watoto, Jang'ombe*

Usimpumzishe hata nusu siku. Mtoto wa umri huo hana akiba mwilini, sukari inashuka, anapoa, unaamka asubuhi unamkuta mgumu.

Maziwa yasimame leo. Kuyapenda si dalili ya kumfaa, na wengi wao maziwa ya ng'ombe yanawapita kama maji kwa kuwa matumbo yao hayaiwezi sukari iliyomo. Wiki tano meno anayo. Kuku wa kuchemsha msage na supu yake mpaka awe kama uji mzito, umpe kidogo kidogo mara sita kwa siku, na moja ya hizo iwe usiku wa manane, mpangiane zamu wewe na huyo aliyemwokota. Chupa ya maji ya moto izungushie kanga, umwekee ubavuni, mwenye baridi hasagi chakula. Na mpeleke akapewe dawa ya minyoo ya uzito wake, maana watoto wa sokoni karibu wote wanayo, na kuhara huko huenda nusu yake ni minyoo.

Kila asubuhi mpime. Mwenye duka hapo mtaani ana mizani ya sukari. Mtie kwenye kikapu, mwombe akupimie. Ataona kioja siku ya kwanza, siku ya tatu atakuuliza mwenyewe leo ameongeza gramu ngapi. Akiongeza kumi hivi kwa siku mko salama. Akipungua siku mbili mfululizo, usingoje toleo lijalo.