Mwanangu, usitaje wewe kwanza

Dodoma, Machi 2024

Mwanangu,

Huku hatujambo. Zabibu za Mpunguzi zimeiva, mama yako yuko shambani tangu alfajiri anabishana na madalali, ndiyo maana nimepata utulivu wa kukujibu.

Unasema dada mmoja wa wakala wa ajira amekupigia mara mbili kuhusu nafasi ya uhasibu huku Dodoma, na kila mara anaishia kwenye swali lile lile: sasa hivi unalipwa ngapi, na unataka ngapi? Unaniuliza utaje au ukwepe.

Usitaje wewe kwanza. Ila usikwepe kwa kujiumauma, maana ukisema "nyie nipeni tu mtakachoona kinafaa", umeshataja, tena umetaja kidogo.

Mimi nilijikata hivyo hivyo. Bwana wa utumishi aliniuliza, nikaona aibu, nikataja kiasi kilichomfanya aandike haraka kabla sijabadili mawazo. Miezi mitano baadaye akaajiriwa mwenzangu, kazi ile ile, meza inayotazamana na yangu. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeandaa orodha ya mishahara, tofauti yetu niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe kila mwisho wa mwezi. Nyongeza nazo zilikuja kwa asilimia. Asilimia 10 ya kidogo ni kidogo, basi pengo likawa linanenepa mwaka hadi mwaka. (Mama yako nilimwambia nilipostaafu. Usimkumbushe.)

Huyo dada hana ubaya, jua tu anakula wapi. Anayemlipa ni mwajiri, na mara nyingi malipo yake hupigwa kwa asilimia ya mshahara wako wa mwaka. Kwa hiyo hachukii ulipwe vizuri, lakini anachokitaka zaidi ni nafasi ijazwe upesi. Bajeti huwa anayo. Mwambie kwa sauti yako ya kawaida: "Dada, mshahara wangu wa sasa naomba ubaki kati yangu na mwajiri wangu. Wao wametenga kuanzia ngapi hadi ngapi, kabla ya makato?" Kisha nyamaza. Kunyamaza kutakushinda, nakujua tangu ukiwa mdogo, lakini jikaze. Aking'ang'ania, taja unachokitaka kwa nafasi hiyo. Unacholipwa sasa usikidanganye, maana hati ya mshahara huombwa, na mhasibu aliyeongeza tarakimu hana cha kujitetea. Na siku wakala yeyote akikudai ada ya fomu, kata simu.

Sasa hayo maneno "kabla ya makato". Umeniandikia kwamba umesikia ni kama 1,200,000, na naona umeshaanza kuzitumia. Chukua kalamu, mama. Tuseme zote ni mshahara wa msingi. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 10, yaani 120,000. Inabaki 1,080,000 ya kutozwa kodi: kwenye milioni ya kwanza serikali inachukua 128,000, na ile 80,000 ya juu inakatwa asilimia 30, 24,000. Kodi jumla 152,000. Bado Bodi ya Mikopo, lile deni lako la chuo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Mkononi zinafika 748,000.

Wewe ulisema ukihama unahitaji milioni moja ya mkononi. Nimeirudisha hesabu kinyumenyume usiku, mara mbili: unatakiwa utaje 1,725,000. Ona pia kwamba kwa ngazi hiyo kila laki unayoipigania inakufikishia 48,000 tu mfukoni. Wakikuambia sehemu iwe posho ya nyumba, Bodi haitaigusa kwa kuwa yenyewe inakata kwenye msingi, lakini kiinua mgongo nacho hupigwa kwenye huo huo msingi, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Mimi ningeng'ang'ania msingi. Deni la Bodi litaisha siku moja.

Kitu kingine ambacho hawakisemi mpaka uulize ni gharama za kuhama. Wenye nyumba wa Ilazo na Kisasa wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mizigo kutoka Dar haiji bure. Waulize kabla hujasaini, na wakikubali waandike kwenye mkataba. Siku 28 za likizo usizihangaikie, hizo ziko kwenye sheria ya ajira ya 2004, hakuna anayekupa kama zawadi.

Mama yako amerudi sasa hivi, amechoka na amenuna. Dalali alimuuliza "unauza ngapi?" akataja yeye kwanza. Anakusalimu, na anauliza kama chumba cha uani akifagie au asubiri.

Baba yako