Kabla ya Kusonga Bada, Uliza Muhogo Umelowekwa Siku Ngapi

Nimelelewa kwenye migomba, kwa hiyo nilipohamia Newala kikazi sikujua kwamba kuna muhogo mtamu, unaochemshwa na kuliwa siku hiyo hiyo, na mchungu, ambao hauna budi kushughulikiwa kwa siku kadhaa. Nilinunua ule mchungu kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo, nikaukatakata, nikauanika siku mbili, nikausaga na kusonga bada, yaani ugali wa muhogo. Kabla ya usiku wa manane nilikuwa nimetapika mara tatu. Mama mwenye nyumba aliponiletea maji alisema tu, "Pole, mwanangu, ule hukuuloweka."

Baadaye nilitambua kwamba kosa langu ni la kale, kwani zao husafiri haraka kuliko maarifa ya kulipika. Wenyeji wa Amazonia, walioanza kuulima muhogo maelfu ya miaka iliyopita, waliukuna, wakaukamua maji na kuukausha motoni. Wareno waliufikisha pwani ya Kongo katika karne ya 16, nao ukaenea kwa sababu hustahimili ukame na mzizi wake hukaa ardhini salama nzige wanapopita. Ndiyo maana serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwashurutisha wakulima kuupanda kama akiba ya njaa. Kuhusu sumu yake ya sianidi, kila jamii ilijitafutia njia.

Njia hiyo inapokatizwa, watu hulemaa. Ugonjwa wa konzo hupooza miguu ghafla na hauponi. Wakati wa ukame wa mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji. Unaonisikitisha zaidi ni mkasa wa Bandundu, Kongo, ambako barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilileta soko zuri kiasi kwamba familia zilipunguza siku za kuloweka kutoka tatu hadi moja ili ziuze mapema. Maendeleo yenyewe, ajabu, ndiyo yaliyoharibu chakula.

Ushauri wangu, basi, ni kuuliza aina ya muhogo kabla ya kulipa. Ukiwa mchungu, umenye na kuuloweka siku tatu hadi ulainike, kwa maana kulainika huko ndiko kunakoiachia sumu itoke, kisha uuanike mpaka ukauke kabisa. Usiupunguzie muda kwa sababu ya wageni. Ule pamoja na maharage au samaki, kwa kuwa mwili huhitaji protini ili kuiondoa sianidi iliyosalia.

Ukinunua unga usiojua ulivyotengenezwa, uchanganye na maji hadi uloe, uutandaze kwenye ungo kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu itoke, kisha usonge bada siku hiyo hiyo, kwani unga ulioloa haulali.